KUSINGIZIA: NENO HILI MAANA YAKE NI NINI?

Masomo: 2 Samweli 16:1-4 na 19:24-30



Wengi wetu tunachanganya kusengenya na kusingizia. Kusengenya ni kumsema mtu nyuma yake, hata kama jambo lenyewe ni la kweli. Kusingizia ni kumwekea mwenzako tendo ambalo hakulitenda. Yote mawili ni dhambi, lakini la pili linaua jina la mtu.

Tumwangalie Siba. Mfalme Daudi alikuwa anamkimbia mwanawe Absalomu. Siba akamletea punda, mikate 200, zabibu na divai, na pamoja na zawadi hizo akaleta neno: Mefiboshethi amebaki Yerusalemu, anangoja kurudishiwa ufalme wa babu yake Sauli. Daudi hakutafuta shahidi. Papo hapo akampa Siba mali yote ya yule kiwete. Muone vizuri, wapendwa: masingizio yalikuja pamoja na mkate.

Daudi aliporudi, Mefiboshethi akaja mbele yake, hakuwa ametunza miguu wala kufua nguo tangu siku ile mfalme alipoondoka. Akasema kwamba mtumishi wake alimsingizia. Katika Kiebrania neno alilolitumia lina mzizi mmoja na neno «mguu», kama kusema mtu anayezunguka na kupeleka maneno. Na aliyelisema alikuwa kiwete wa miguu yote miwili!

Daudi akafanya nini? Akagawa mashamba, nusu kwa Siba, nusu kwa Mefiboshethi. Mimi nasikia uchungu kila mara ninaposoma hapo. Uongo umejulikana, lakini mali haikurudi yote.

Sisi tunaopokea maono tujiangalie zaidi. 1 Yohana 4:1 inatuagiza kuzijaribu roho. Mwamini mmoja alisema ameona katika ndoto kwamba mama fulani mjane ni mlozi. Mimi, shemasi, nililirudia neno hilo katika nyumba mbili, nikidhani ninalinda kundi. Wazee walichunguza, hawakuona kitu. Nikarudi katika zile nyumba mbili kuomba radhi na kukanusha. Walinisikiliza vizuri, wakanipa na chai. Lakini wao walikuwa wamekwisha kuwaambia wengine, ambao mimi siwajui. Yule mama sasa anauza unga wake wa muhogo katika soko la mbali, mahali ambapo hawajui jina lake.