SOMO LA KIKUNDI: TAA BILA MAFUTA
(Kutunza betri ya king'ora cha stoo)



Vikundi vingi vina stoo ya mahindi au mbolea, na vingine vimechanga pesa vikaweka king'ora cha kuzuia wezi. Ni jambo jema. Lakini hebu tuulizane: stima ikipotea usiku, kitalia?

Sisi tulijifunza kwa hasara. Jioni moja stima ilipotea mpaka asubuhi. Wezi wakavunja mlango, wakabeba magunia 9 ya mahindi, na king'ora kikanyamaza kimya. Fundi alipofungua sanduku lake, alikuta betri imekufa zamani. Tangu iwekwe ilikuwa na miaka 6, na hakuna aliyewahi kuiangalia. Tulifanana na wale wanawali watano wa Mathayo 25: taa walikuwa nazo, mafuta ya akiba hawakuwa nayo.

Betri hii ni ya namna gani?

Masanduku mengi yana betri ndogo iliyozibwa, isiyoongezwa maji. Nyingi zimeandikwa ubavuni 12V 7Ah. Tuseme vifaa vyenu vinakula ampea 0.2. Gawanya 7 kwa 0.2, unapata saa 35. Lakini betri ikichoka ikabaki na nusu ya nguvu, ni kama saa 17 tu, na king'ora kikilia inakwisha mapema zaidi. Kwa kawaida betri hizi hudumu miaka 3 hadi 5.

Ni nini huiua mapema?

1. Joto. Umri huo ni wa mahali penye digrii 20 hadi 25. Joto likizidi hapo kwa digrii 10 wakati wote, umri hupungua karibu nusu. Basi msiweke sanduku juu karibu na mabati, wala kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana.

2. Kuachwa bila chaji. Betri ikiisha na kukaa hivyo wiki nyingi, ndani hujengeka chumvi ngumu, na haitashika chaji tena vizuri. Mkifunga stoo kwa muda mrefu, ijazeni chaji, itoeni, iwekeni mahali baridi, na kuichaji tena kila miezi 3.

3. Chaji isiyo sawa. Ikiwa kwenye chaji na imejaa, mita ya fundi isome volti 13.5 hadi 13.8. Ikizidi sana, betri inapikwa, ikipungua, haijai.

4. Kuazima nguvu yake. Msichajie simu wala kuwashia redio au taa. Pia msiweke betri ya gari badala yake. Chaji ya sanduku ni ndogo, haiwezi kuijaza vizuri.

Kazi ya kila mwezi

Chagueni watu wawili, mmoja asiwe mwenyekiti. Wawaambie majirani kwanza, wasije wakakimbia na rungu. Kisha:

- Zimeni stima ya sanduku kwa saa moja.
- Lizeni king'ora kwa dakika moja. Sauti ikififia, betri imechoka.
- Pimeni kwa mita king'ora kikiwa kimenyamaza. Ikishuka chini ya volti 12 baada ya saa hiyo moja, mwiteni fundi.
- Angalieni kama betri imevimba au waya zimeshika kutu. Iliyovimba itolewe mara moja.
- Rudisheni stima, mwandike tarehe na kipimo kwenye daftari.

Siku ya kununua betri mpya, andikeni tarehe juu yake kwa kalamu isiyofutika. Mwekahazina aanze kuweka akiba ya nyingine mapema, isifike miaka 4 mkiwa mikono mitupu.

Betri kuukuu isitupwe chooni wala shambani, na watoto wasiipasue. Ndani mna asidi na risasi, nayo risasi ni sumu. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliumia kwa risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Irudisheni kwa muuzaji anayezipokea.

Maswali ya kujadiliana

1. Betri yetu ina miaka mingapi? Nani anajua?
2. Ni nani wawili watakaoikagua, na siku gani ya mwezi?
3. Someni Mathayo 25:1-13. Ni kitu gani kingine cha kikundi tunachokiamini bila kukijaribu?

Msiondoke mkutanoni kabla ya kujibu swali la pili. Bwana awabariki.