Eropleni ya Injini Mbili: Mbona Iliondoka Upesi?

Katika vita ya 1939 hadi 1945 vijana wengi wa Ukambani, wa pande za Wote na Makueni na wa Kitui pia, waliandikwa katika K.A.R. Baadhi yao walijikuta katika nchi kavu ya kaskazini, wakiulinda mpaka. Askari aliye handakini akiona eropleni ya upande wake ikipita juu hufurahi, lakini ikisha kuangusha mabomu yake machache na kugeuka kwenda zake, huuliza, “Mbona imeondoka upesi hivi?” Swali hilo lina jibu, nalo ni jibu la hesabu. Somo letu la juma hili litalieleza.

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Wakati huo jeshi la anga la Afrika Kusini lilikuwa limekwisha kuleta Kenya kikosi chake cha 12, nacho kilitumia eropleni za injini mbili ziitwazo Junkers Ju 86. Siku chache baada ya vita kutangazwa, eropleni hizo zilikuwa zikipiga kambi za Waitaliani ng’ambo ya mpaka, karibu na Moyale.

Asili na umbo lake

Msomaji atastaajabu kusikia kwamba eropleni hizo zilitengenezwa Ujerumani. Ya kwanza ya namna hiyo iliruka mwaka 1934. Kampuni ya ndege ya Afrika Kusini ilizinunua kabla ya vita ili kuchukua abiria 10 kila moja. Vita vilipoanza zilitolewa viti na kutiwa mabomu na bunduki. Hivyo kazi ya adui ikatumiwa kumpiga rafiki wa adui.

Urefu wa mabawa yake, toka ncha hata ncha, ulikuwa futi 74 hivi, na mwili wake futi 58 hivi. Eropleni za Junkers za zamani zilikuwa na ngozi yenye mikunjo kama mabati ya nyumba. Hii ilikuwa laini, ili hewa iteleze juu yake. Magurudumu yake yalikunjwa ikisha kupaa. Mkiani ilikuwa na mapezi mawili yaliyosimama wima.

Zile zilizofanywa kwa jeshi la Ujerumani zilitiwa kwanza injini za dizeli. Injini hizo hula mafuta kidogo, lakini hazipendi kuharakishwa na kupunguzwa ghafula, nayo ndiyo desturi ya vita. Zile za Afrika Kusini zilitiwa injini za petroli za Kimarekani ziitwazo Hornet, zenye silinda 9 zilizopangwa duara na kupozwa na upepo wenyewe. Katika nchi isiyo na maji, injini isiyohitaji maji ni neema.

Hesabu ya safari

Toka Nairobi hata Moyale, kwa njia ya ndege, ni maili 360 hivi. Tuseme eropleni inakwenda maili 180 kwa saa. Itachukua saa 2 kwenda na saa 2 kurudi. Rubani mwenye busara huweka akiba ya saa 1, asije akapotea au akakuta mawingu. Jumla ni saa 5.

Sasa tufanye mfano kwamba injini zote mbili hula galoni 70 kwa saa. Kwa saa 5 zitahitaji galoni 350. Galoni moja ya petroli ina uzito wa ratili 7 na kidogo. Basi petroli peke yake ni zaidi ya ratili 2,450, yaani uzito wa magunia 12 ya mahindi. Mabomu ambayo eropleni ya namna hii iliweza kuchukua katika jeshi la Ujerumani yalikuwa ratili 2,200 hivi, yaani magunia 11. Waona, basi, kwamba petroli ya safari ni nzito kupita mabomu yenyewe. Anayetaka kukaa juu ya Moyale saa moja zaidi hana budi kupunguza mabomu. Anayetaka kuongeza mabomu hana budi kupunguza petroli. Mshika mbili moja humponyoka.

Hewa nyepesi na injini ya pili

Tena kuna jambo la hewa. Nairobi iko juu ya bahari kwa futi zaidi ya 5,000, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika saba. Bawa hushikwa na hewa; hewa ikiwa nyepesi, eropleni hukimbia mbali zaidi kiwanjani kabla ya kupaa. Jua likiwa kali, hewa huzidi kuwa nyepesi. Ndiyo sababu eropleni yenye mzigo mzito hupendelea kuondoka alfajiri.

Wengine hudhani kwamba mwenye injini mbili hana hofu, maana moja ikifa nyingine itamrudisha. Si hivyo daima. Eropleni iliyojaa petroli na mabomu huenda isiweze kujichukua kwa injini moja. Rubani hulazimika kutupa mzigo, la sivyo atashuka jangwani mahali pasipo kisima.

Basi, askari aliyeuliza asidhani kwamba ameachwa kwa uoga. Eropleni ile ilikuwa imefika mwisho wa petroli yake. Wala haikuweza kushika ngome badala ya watu: katikati ya Julai 1940 askari wa K.A.R. waliozingirwa Moyale walitoka usiku kwa miguu yao wenyewe. Eropleni za Ju 86 ziliendelea kutumika katika Afrika Mashariki, zikiachia nafasi zao polepole kwa eropleni mpya, hata za mwisho zikaondolewa kazini Septemba 1942.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi hesabu hii: ikiwa upepo wa mbele unapunguza mwendo hata maili 150 kwa saa wakati wa kurudi, akiba ya saa 1 itabaki dakika ngapi?