Anemoni Mweupe Dukani: Aina Adimu au Mgonjwa?

Mnunuzi wa anemoni wa baharini kwa ajili ya tangi la nyumbani huvutiwa mara nyingi na yule mweupe pe, ambaye muuzaji humsifu kuwa ni wa aina adimu. Weupe huo kwa kawaida ni dalili ya ugonjwa: mnyama amepoteza mwani mdogo mno unaoishi mwilini mwake na kumlisha kwa nguvu ya mwanga.

Kabla ya kulipa, utazame mdomo wake, ulio katikati ya minyiri. Ukiwa umeachama, au mguu wake haujashika jiwe, usimnunue.

Aliyekwisha kumnunua asikate tamaa. Maji yadumu kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, yenye chumvi takriban gramu 35 kwa kila kilo. Mwanga uongezwe kidogo kidogo. Naye alishwe vipande vidogo vya kamba wabichi (si wa mchuzi) mara mbili kwa wiki. Kupona huchukua miezi.

Soma kibandiko cha kila dawa ya samaki: yenye shaba humuua anemoni. Akifa, aondolewe mara moja, kwani akiozea majini huweza kuua samaki wote tangini.