Hamu ya Kusoma Haitafunwi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad: Darsa letu la mara hii limetokana na suali tuliloletewa na kijana wa hapa petu pwani, asomaye elimu ya kilimo katika chuo kikuu kimoja cha bara, na ambaye amepelekwa Gachoka kwa mafunzo ya vitendo. Gachoka iko katika nchi ya Wambeere, kaunti ya Embu, kwenye njia ya kuendea Kiritiri. Na kabla ya uchaguzi wa 2013 jimbo la bunge la sehemu hizo liliitwa kwa jina hilo, kisha likawa Mbeere Kusini. Kijana asema kwamba alipokuwa akingojea kuingia chuo kikuu alikuwa na shauku kubwa, lakini sasa, katika mwaka wa tatu, kila akifungua kitabu moyo humkimbia. Wenzake wamemshauri atafune muguka apate kukesha. Mama yake, kwa mapenzi ya mzazi, amempasha habari kwamba amekwisha mwandikishia kombe la mtihani. Naye atuuliza: hamu ya kusoma hupatikana wapi?

Suali hili si la kijana mmoja. Katika mitaa yetu wako wazee waliouza kiwanja, na mama waliouza bangili zao, ili mwana aende chuo kikuu; na wako wana waliorudi mwaka wa pili au wa tatu bila ya cheti na bila ya uso wa kumtazama mzazi. Basi yatupasa tulijibu kwa utulivu, jambo baada ya jambo.

KWANZA: AJUE ASOMEA NINI

Wanavyuoni wengi wameanzia vitabu vyao kwa ile Hadithi mashuhuri ya nia, aliyoipokea Sayyidna Umar, kwamba matendo hupimwa kwa nia zake. Hawakuiweka mwanzo kwa bahati tu. Mtu asiyejua aendako huchoka mapema kuliko ajuaye, hata ikiwa njia ni moja.

Waulize vijana wetu: Wasomea nini? Wengi watakujibu: Cheti. Na cheti ni cha nini? Cha kazi. Basi siku asikiapo kwamba fulani ana shahada mbili naye yuko nyumbani hana kazi, hamu yake yote huanguka, kwa kuwa ilisimama juu ya nguzo moja, nayo imetikisika. Hatusemi kwamba kutafuta riziki ni aibu. Riziki ya halali ni katika ibada. Twasema kwamba nia hiyo peke yake ni nyembamba.

Imam Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, amezihisabu elimu za utabibu na hesabu, na misingi ya kazi kama kilimo na ufumaji, kuwa ni faradhi za kifaya: wakizisimamia baadhi ya watu, wengine huondokewa na dhima, wakiziacha wote, hupata dhambi wote. Sasa na atazame kijana wetu. Pwani yetu ni nchi ya minazi, mikorosho na miembe. Minazi imezeeka, wadudu waila, na mashamba ya wazee yamekuwa vichaka. Ni nani atakayeyaangalia kwa elimu? Akilijua hilo, somo la udongo halitakuwa tena kurasa za kupitia mtihani, bali ni dhima ya mji mzima iliyo mabegani mwake.

Na huko huko aliko, ishara anayo. Mto Tana wapita kando ya nchi hiyo ya Mbeere, kisha huteremka hadi kuingia baharini Kipini. Juu ya mto huo yamejengwa mabwawa ya umeme: Kindaruma lilifunguliwa 1968, kisha yakafuata Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Wahandisi waliopima maji yale na miamba ile walikuwa wanafunzi siku moja, wakikaa na hesabu zilizowachosha. Leo wako watu wasomao usiku kwa taa za umeme huo, wala hawayajui majina yao. Hiyo ndiyo elimu yenye manufaa: huwafikia hata wasiomjua mwenyewe.

PILI: ASIINGOJEE HAMU, BALI AIENDEE

Vijana wengi hudhani kwamba hamu hutangulia na kazi hufuata. Husema: Nitasoma nikijisikia. Basi siku hupita, na kujisikia hakuji. Ukweli ni kwamba mara nyingi kazi hutangulia, na hamu huikuta kazi njiani.

Na awatazame wakulima wa Gachoka. Nchi yao ni kavu. Mvua ni chache, za masika na za vuli, nazo huwahi kukatika. Walima mtama, mawele, kunde na pojo, mimea inayovumilia jua. Katika nchi za ukame kama hiyo, wako wakulima wanaotia mbegu ardhini kabla mvua haijanyesha, ili tone la kwanza likute mbegu iko tayari. Mwenye kungoja mpaka ardhi ilowe ndipo atafute jembe, mvua huweza kumaliza kabla mazao yake hayajakomaa. Na kusoma ni vivyo hivyo. Kijana na akae na kitabu chake saa aliyoiweka, moyo umechangamka au haukuchangamka. Pengine nusu saa ya kwanza itakuwa kavu. Mvua ikija, na imkute shambani.

Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, amepokea kwa Mtume kwamba amali ipendezayo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ni chache. Saa moja na nusu kila siku baada ya Sala ya Alfajiri ni bora kuliko kukesha siku tatu mtihani ukiwa mlangoni.

TATU: MUGUKA NI KAMBA, SI NGUVU

Hapa twataka tuseme kwa insafu. Muguka ni jamii moja na miraa, na kilimo chake kimeshamiri mno Mbeere. Kwa watu wa huko ni shamba la biashara: jani hilo ndilo lililolipia wengi karo, katika nchi ambayo mvua haiaminiki. Hatuwatukani wakulima wale. Lakini jani lile lile linalomsomesha mtoto Gachoka, likifika maskani za Mombasa na Malindi, humwachisha mtoto wetu masomo. Mwezi wa Mei 2024 serikali za kaunti ya Mombasa na ya Kilifi zilipiga marufuku muguka. Shauri likapelekwa mbele ya Mahakama Kuu ya Embu, nayo ikasimamisha amri hizo. Mzozo ule ulionyesha jambo moja: kwamba hatuwezi kuingojea serikali wala mahakama itulindie wana wetu. Mwenye kinywa ndiye wa kwanza kukilinda.

Ndani ya jani bichi mna kitu kiitwacho kathinoni, kinachouamsha ubongo, kuupiga moyo mbio na kuondoa njaa na usingizi. Nguvu yake hupungua upesi baada ya kuchumwa, na ndiyo sababu magari yake hukimbizwa barabarani. Mtafunaji hujiona ameelewa kila kitu. Kisha jani likimwisha mwilini, hufuata uchovu na uzito wa moyo, na usingizi alioufukuza ukimjia hauji kwa wakati wake. Naye ubongo huyatuliza yale uliyojifunza mtu akiwa usingizini. Basi mwenye kukesha kwa jani huvuna kwa mkono mmoja na kumwaga kwa mkono wa pili. Saa ashukurupo kuwa amezipata ni za kukopa, na kesho hulipa zaidi.

Ama hukumu yake, wanavyuoni wa Yemen walikhitalifiana kwa muda mrefu. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi katika karne ya kumi ya Hijra, aliandika risala makhsusi juu ya jani hilo, akazitaja kauli za pande zote, kisha akanasihi kwamba mtu alikae mbali kwa ajili ya shubuha iliyomo. Mwenye kutaka salama ya dini yake na akili yake, nasaha hiyo yamtosha.

Na katika Sahihi za Bukhari na Muslim kuna kisa kinachofaa kuandikwa juu ya mlango wa kila mwanafunzi. Mtume aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni ya Bibi Zaynab, akichoka katika sala za usiku huishika asianguke. Mtume akaamrisha ifunguliwe, na akaelekeza kwamba mtu asali akiwa na uchangamfu, na akichoka apumzike. Ndugu zetu, ikiwa kamba ile, tena kwa ajili ya sala, ilifunguliwa, itakuwaje kamba ya majani?

NNE: KOMBE HALISOMI

Kwa mama yake kijana, twasema kwa adabu: Mama, mapenzi yako twayaheshimu, na dua yako ni hazina ambayo mwanao hana mbadala wake. Muombee katika sijda zako. Lakini usimfundishe kwamba elimu hunywewa. Masahaba walikuwa karibu na Mtume kuliko sisi, na elimu yao waliipata kwa kusikiliza, kuhifadhi, kuuliza na kusafiri. Jabir bin Abdullah alisafiri mwendo wa mwezi mzima kwa ajili ya Hadithi moja tu. Na yule aliyemuuliza Mtume juu ya ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Mwanafunzi aliyekunywa kombe na hakudurusi, amemwacha ngamia wazi.

Mola wetu, katika Sura Taha, alimwamrisha Mtume wake aombe azidishiwe elimu. Dua hiyo fupi kila mwanafunzi na aifanye kufungulia kitabu chake. Kisha akifungue kweli.

TANO: KUANGUKA SI MWISHO

Pengine hamu ya kijana imevunjwa na alama mbaya. Na amkumbuke mtu wa mji wetu wenyewe. Ali Mazrui alizaliwa Mombasa 1933, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah 1932 na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alifiwa na baba yake 1947, hali bado ni mvulana. Katika mtihani wa Cambridge alipata daraja ya tatu, isiyotosha kumwingiza Makerere. Akafanya kazi ya ukarani katika MIOME, ile taasisi ya elimu ya Waislamu ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mlango wa kusoma Uingereza ulipofunguka, hakuuacha: akapata shahada Manchester 1960, ya pili Columbia huko Marekani 1961, na ya udaktari Oxford 1966. Makerere, isiyompokea kuwa mwanafunzi, ikampokea kuwa profesa. Alifariki 2014, akaletwa kuzikwa Mombasa.

Hatusemi kwamba kila aliyeanguka atakuwa profesa. Twasema kwamba karatasi moja ya matokeo haina haki ya kumhukumu mtu maisha yake yote.

SITA: MPANGO WA KILA SIKU

Kwa ufupi, twamnasihi kijana haya:

1. Aweke saa moja maalumu kila siku, na iliyo bora ni baada ya Alfajiri. Simu na iwe chumba kingine.

2. Afanye kama tulivyofanya chuoni tulipokuwa watoto: mwalimu hakutupa somo jipya mpaka tumsomee la jana kwa moyo. Afunge kitabu aandike ayakumbukayo, kisha afungue aone yaliyompotea. Kusoma mara kumi kwa macho hakufikii kukumbuka mara tatu bila ya kitabu.

3. Atafute wenziwe wawili au watatu wakutane kila wiki, kila mmoja awafundishe wengine. Asiyeweza kulieleza jambo hajalielewa bado.

4. Alale. Mtume alimkumbusha Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama kila usiku, kwamba mwili wake na jicho lake vina haki juu yake.

5. Ikiwa huzuni haimtoki kwa wiki nyingi, hali wala halali, amwendee daktari au mshauri wa chuo. Hayo ni maradhi kama maradhi mengine, wala si upungufu wa imani.

Nasi wazee tuna fungu letu. Tusimpigie mwana simu kwa kuuliza alama peke yake. Tumuulize: Wiki hii umejifunza nini? Kisha tumsikilize, ijapokuwa hatukufahamu yote. Mwana ajuaye kwamba nyumbani kuna sikio linalomngojea, huwa na jambo la kulisomea. Na tufanye hivyo kwa binti kama tufanyavyo kwa mvulana, kwani dhima ya elimu haikugawanywa.

MASUALI YA KUZUNGUMZWA DARASANI

Kwanza: Ni elimu zipi za faradhi ya kifaya ambazo mji wetu hauna watu wa kuzisimamia?

Pili: Ni kamba zipi nyingine, zaidi ya muguka, wazishikazo vijana wetu ili wasianguke?

Tatu: Kila mmoja wetu anamjua mwanafunzi gani aliye mbali, na wiki hii atamuuliza nini?

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wana wetu elimu yenye manufaa, na subira ya kuitafuta. Amin.