RISASI ZIFAAZO KWA KUPIGIA NGURUWE MWITU

Wakulima wa Ushongo, kusini ya mto Pangani, wamjua vema nguruwe mwitu. Huja usiku, mara nyingi kwa kundi, na muhogo uliotunzwa miezi mingi hufukuliwa kwa usiku mmoja. (Ngiri si huyu, ngiri hutembea mchana.) Wenye bunduki hubishana sana juu ya bunduki ipi iliyo bora, lakini ni wachache waulizao ni risasi gani itiwe ndani yake. Twataka kueleza habari hiyo.

Nguruwe dume aweza kupita kilo 80, na mabega yake yana ngozi nene na nyama ngumu. Marisau madogo ya kupigia kanga hayamwui. Humjeruhi tu, akaingia kichakani. Wenyeji wengi ni Waislamu, hawana haja na nyama yake, basi mara nyingine humwacha aende zake. Jambo hili ni baya sana, maana nguruwe mwenye jeraha aweza kumkata kwa meno mtu apitaye asubuhi kutafuta kuni, asiye na habari ya mambo ya usiku.

Mwenye bunduki ya marisau na achague marisau makubwa, yale ambayo fataki moja huwa na chembe 9 za upana wa milimita 8 hivi, wala asipige kupita hatua 30, kwa kuwa chembe hutawanyika. Iko pia fataki yenye risasi moja nzito ya gramu 28, ifaayo mbali kidogo.

Raifali ijipakiayo yenyewe yataka uangalifu zaidi. Risasi yenye baruti dhaifu haina nguvu ya kurudisha mtambo nyuma, na ganda tupu hukwama. Risasi iliyofunikwa shaba yote, kama za askari, hupenya nguruwe na kutokea upande wa pili ingali na nguvu. Ifaayo ni ya ncha laini, ambayo hupanuka ndani ya mnyama; kwa kaliba .308, yenye uzito wa gramu 10 hata 12. Ile ya .223 ya gramu 3.6 ni nyepesi mno kwa bega la dume.

Wako wadhanio kuwa wingi wa risasi hufidia uchaguzi mbaya. Sivyo. Baada ya mlio wa kwanza kundi hutawanyika gizani, na risasi ya pili hufuata kivuli tu. Nchi ya pwani ni tambarare, haina kilima cha kuizuia, na risasi ya raifali iliyokosa yaweza kuruka zaidi ya kilomita 3. Mbele yake kuna minazi, nyumba, na wavuvi waamkao mapema. Kwa hiyo twaona heri kupiga kutoka juu ya dungu, ili risasi iingie ardhini.

Leseni ya bunduki hutolewa kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ruhusa ya kumwua mnyama ni jambo jingine, la kumwuliza Bwana Nyama wa wilaya. Ukiisha pata zote mbili, nunua risasi za namna moja, uzijaribu mchana kwa kupiga kichuguu kikubwa, kwa maana risasi za namna mbili hazigongi mahali pamoja.