Nani Atapikia Jiko Hili? Somo la Ubunifu wa Bidhaa kwa Wanaoanza

Kila Septemba chama chetu kinapopokea wanafunzi wapya, mimi huulizwa swali moja tu: "Kaka, wewe unasomea nini hasa?" Nikijibu kwamba nasomea ubunifu wa bidhaa za viwandani, wengine wanadhani nachora nguo, wengine wanadhani naunda mashine. Hata Mzee wangu kule Temeke, aliyeuza kiwanja ili nilipe ada ya mwaka wa kwanza, aliwatangazia majirani kwamba mwanawe anasomea uinjinia. Sikumsahihisha. Kwa kweli wakati ule hata mimi nisingeweza kueleza vizuri. Leo nitajaribu, na nitatumia kosa langu mwenyewe kama mfano, maana lilinifundisha kuliko vitabu.

Fani yenyewe ni nini?

Fikiria vitu ulivyoshika leo tangu uamke: mswaki, kikombe, kitasa cha mlango, begi. Kila kimoja kuna mtu aliamua kiwe na umbo gani, kitengenezwe kwa kitu gani, kishikwe vipi, na kikiharibika kifunguliwe vipi. Hiyo ndiyo kazi yetu. Injinia anahakikisha injini ya pikipiki inawaka na haiungui. Sisi tunauliza: abiria aliyevaa khanga ataweka mguu wapi? Mipaka inaingiliana, lakini swali la kwanza la mbunifu siku zote linamhusu mtu.

Hapa Toronto fani hii inafundishwa OCAD University, chuo kilichoanza mwaka 1876 na kupata jina lake la sasa mwaka 2010. Wengi mmeshaliona jengo lake mtaa wa McCaul, lile la mwaka 2004 alilobuni Will Alsop, kama meza nyeupe yenye madoa meusi iliyosimama juu ya miguu ya rangi rangi. Humber nako wanafundisha, na ukienda Ottawa kuna Carleton.

Hatua tano za kazi

Popote utakaposoma, utapitishwa humu:

1. Kutazama na kuuliza. Unakwenda kwa watu wanaokitumia kitu, unaangalia mikono yao inafanya nini.
2. Kuchora. Michoro mingi ya haraka, si mmoja mzuri.
3. Kutengeneza modeli, kwa boksi, foamu au plaiwudi.
4. Kuwapa watu wajaribu.
5. Kurekebisha, kisha kurudi hatua ya kwanza au ya pili.

Katikati kuna kitu wanafunzi wanakiita kritiki. Unabandika kazi yako ukutani, mwalimu na wenzako wanaihoji mbele yako. Jamani, si mchezo. Unaweza kukesha siku tatu halafu swali moja likakumaliza.

Siku jiko lilipoanguka

Mwaka wa pili tulipewa kazi ya kubuni kifaa cha kupikia. Nikajiambia, hapa nimefika nyumbani. Nimekulia kwenye jiko la mkaa, nani darasani ataniweza? Nikaruka hatua ya kwanza moja kwa moja. Nikachora jiko refu, jembamba, la miguu mitatu, kama lile meza la kisasa unaloliona kwenye majarida. Kwenye kompyuta lilipendeza mno. Nikatengeneza modeli ya plaiwudi ya ukubwa kamili, nikaipaka rangi.

Mwalimu aliizunguka mara mbili, akauliza: "Nani atapikia jiko hili?" Nikajibu, akina mama wa kwetu. Akauliza tena: "Umemwonyesha yupi?" Kimya.

Wiki iliyofuata nilimwomba mama mmoja mwenyeji wa Mombasa, jirani yangu ghorofani, aje darasani. Sisi wote tunamwita Bi Mkubwa. Alikuja na sufuria yake na mwiko wake. Nilimwekea mchanga wenye maji ndani ya sufuria uwe mzito kama sima. Akaketi kwenye kigoda, akaanza kusonga. Mzunguko wa tatu, jiko likalala ubavu, mchanga ukamwagika sakafuni. Darasa zima kimya. Bi Mkubwa akanitazama kwa huruma, akasema: "Mwanangu, hili ni jiko la kupigia picha."

Alama zilikuwa mbovu, na mimi nilikuwa nakaa hapa kwa pesa ya kiwanja. Usiku ule kusema kweli nilifikiria kuacha chuo nikabebe boksi kama wengine.

Jiko la Kenya linatufundisha nini

Mwalimu hakunifukuza. Alinituma maktaba nikasome jinsi wengine walivyobuni jiko kabla yangu. Huko ndiko nilikokutana na habari za jiko ambalo wengi wetu tumelitumia bila kulijua historia yake: lile la bati lenye kiuno, na udongo wa kuchoma ndani.

Jiko la zamani la bati tupu lilikuwa rahisi kutengeneza, lakini joto jingi lilipotea pembeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mara baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mbadala uliofanyika Nairobi mwaka 1981, wataalamu wa Kenya walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, ambalo ndani lina udongo wa kuchoma unaotunza joto. Hawakulinakili hivi hivi. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na udongo kutoka juu hadi chini, ukawa unapasuka. Watumiaji, vikiwemo vikundi vya akina mama, wakasema yanayowasumbua, na mafundi wakajaribu tena. Mwisho likapatikana umbo la kiuno: udongo uko nusu ya juu tu, umekaa juu ya kiuno, na kitako ni kipana. Jiko hilo likitumiwa vizuri hupunguza mkaa kwa kiasi cha 30 hadi 50%.

Angalieni jambo hilo. Kiuno si urembo. Kinabeba udongo, na kitako kipana kinazuia jiko lisianguke mama anaposonga. Tena mafundi wa jua kali waliweza kulitengeneza kwa nyundo na bati walizokuwa nazo, ndiyo maana lilienea. Lingehitaji mashine ya kiwanda kikubwa, lingebaki kwenye maonyesho.

Nikarudi hatua ya kwanza. Nilikaa jikoni kwa Bi Mkubwa jioni mbili nikitazama: anakaa kimo gani, anabana sufuria vipi, mkono wa kushoto uko wapi. (Tahadhari kwa wageni: tulitumia jiko la umeme. Mkaa usiuwashe kamwe ndani ya nyumba hapa. Madirisha yamefungwa kwa baridi, na hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Inaua.) Halafu nikampigia simu baba mdogo, fundi bati Gerezani, Dar es Salaam, nikamtumia mchoro mpya. Akacheka: "Kona hiyo nyundo yangu haifiki. Ikunjue kidogo." Nikaikunjua. Mstari mmoja tu ulibadilika, na jiko likawa linatengenezeka.

Modeli ya pili ilikuwa fupi, nzito chini, wala haikupendeza sana. Bi Mkubwa alisonga mpaka akachoka yeye.

Msidhani haya ni ya kwetu tu

Nenda kituo chochote cha tramu mtaa wa Spadina. Tramu za zamani, zilizoanza kazi mwaka 1979, zilikuwa na ngazi ndefu mlangoni. Mama mwenye kigari cha mtoto alisubiri msamaria wa kumsaidia kupandisha, na mwenye kiti cha magurudumu hakupanda kabisa. Tarehe 31 Agosti 2014 ndipo tramu za sakafu ya chini zilipoanza hapo Spadina, na zile za zamani zikastaafu tarehe 29 Desemba 2019. Miaka 40! Jiji tajiri namna hii, na bado kuna watu walisahauliwa kwenye mchoro. Swali ni lile lile: nani atapanda tramu hii, na umemwonyesha yupi?

Ushauri kwa anayetaka kujiunga

Kwanza, anza potifolio mapema, yaani mkusanyiko wa kazi zako. Usiweke picha nzuri tu. Weka na michoro iliyoshindwa, na ueleze kwa nini ilishindwa, maana wanataka kuona unavyofikiri. Pili, ada si gharama pekee. Plaiwudi, foamu, gundi na rangi hula pesa, kwa hiyo tenga fungu lake. Tatu, karakana ina sheria: miwani usoni, mikono mirefu ikunjwe, usikate mbao ukiwa na usingizi. Nne, usione haya kuleta ya kwetu darasani, kibao cha mbuzi, kinu, mkokoteni. Ila usidhani kwamba kwa kuwa umekulia navyo basi unavijua. Mimi nilikula ugali miaka 20 bila kusonga hata siku moja.

Mwaka huu nilimpigia Mzee nikamweleza ukweli kwamba mimi si injinia. Nikamsimulia habari ya Bi Mkubwa na jiko lililoanguka. Alinyamaza kidogo, nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza: "Hilo la pili, mama yako anaweza kulipikia?" Nikamwambia nadhani anaweza. Akasema: "Usidhani. Lete tuone."

Basi likizo ijayo, Mungu akipenda, nalibeba.