SOMO: DENI LA GUNIA



Kwa mkulima wa Kilosa na Mikumi, miezi migumu ni ile itanguliayo mavuno. Chakula kimepungua, watoto wanahitaji sare na madaftari, naye mwenye fedha hupita nyumba kwa nyumba akinunua mahindi yangali shambani.

Tupige hesabu. Tuseme mkulima amepokea shilingi 30,000 mwezi Februari kwa ahadi ya gunia moja mwezi Julai. Gunia hilo likifikia bei ya shilingi 60,000, amelipa riba ya 30,000 kwa miezi 5. Mkopo wa chama wa riba ya 2 kwa mia ungemgharimu shilingi 600 kila mwezi, yaani 3,000 tu.

Kwa hiyo baba na mama waketi pamoja, waandike kila deni na riba yake. Lenye riba kubwa lilipwe kwanza. Mavuno yakiingia, chakula cha nyumbani na akiba ya Februari vitengwe kabla ya nguo mpya na sherehe.

Swali la kujadili mkutanoni: Je, mahindi yaliyomo shambani mwetu leo ni mali ya nani?